Baiskeli ya Umeme katika Nchi za Baridi: Namna ya Kuichagua na Kuipanda



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya kwisha mazungumzo ya majamvi ya kuanikia na ujira wa wachumaji, mwanachama mwenzetu mmoja, mzee wa heshima, aliinuka akauliza suala ambalo halikuwamo katika ajenda. Alisema kwamba mwanawe anafanya kazi Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, na baada ya mavuno yaliyopita alimpelekea sehemu ya fedha za karafuu zake ili anunue baiskeli ya umeme ya kwendea kazini. Kijana akanunua ile iliyokuwa rahisi kuliko zote. Ilipoingia baridi, baiskeli ikawa haifiki hata nusu ya safari yake ya kwanza. Na kabla ya baridi kwisha, betri ikafa kabisa. Sasa kijana amepiga simu anaomba msaada wa kununua nyingine. "Je," akauliza mzee, "nimpelekee tena, au itakuwa ni kutia maji katika pakacha?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Kwa kweli, barafu tuijuayo sisi ni ile ya kuwekea samaki. Lakini Halmashauri ilituagiza tulitafute jibu, na tumefanya hivyo. Tumewauliza vijana wetu waliokuja likizo kutoka Ulaya, na tumesoma maelezo yatolewayo pamoja na baiskeli hizo. Twayaandika hapa kwa sababu mzee yule hayuko peke yake. Wengi wetu tuna watoto katika nchi za baridi, na fedha ziendazo huko zimeshuka kutoka juu ya mikarafuu. Hazifai kupotea kwa kukosa maarifa.

BAISKELI HII NI KITU GANI

Baiskeli ya umeme ni baiskeli kama hizi zetu, ina pedeli, mnyororo na usukani, isipokuwa imeongezwa vitu vitatu: mota, betri, na kifaa kinachohisi kwamba mpandaji anakanyaga. Mpandaji akikanyaga, mota humsaidia. Akiacha, nayo huacha. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza kuuza baiskeli za namna hii mwaka 1993, na leo zimeenea Ulaya nzima.

Sheria za Umoja wa Ulaya zasema kwamba baiskeli itahesabiwa kuwa baiskeli ikiwa nguvu ya mota haizidi wati 250, na msaada wa mota unakatika mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Uingereza nayo yafuata kiasi hicho hicho, na haimruhusu mtu asiyetimiza miaka 14 kuipanda. Ile inayopita hapo, au iliyochezewa na fundi ili ikimbie zaidi, huhesabiwa kuwa chombo cha moto: mara nyingi yataka usajili, bima na leseni. Kijana akikamatwa nayo bila ya hivyo huenda akanyang'anywa. Basi mtu akimwambia kwamba yake inakwenda kilomita 45 kwa saa, na haina karatasi, ajue kwamba anauziwa matatizo.

Tusidhani kuwa baiskeli na baridi havipatani. Mji wa Oulu, kaskazini ya Ufini, theluji hukaa miezi mingi ya mwaka, na watu wake hupanda baiskeli kiangazi na baridi. Huko ndiko ulikofanywa, mwaka 2013, mkutano wa kwanza wa kimataifa wa mambo ya baiskeli wakati wa baridi. Copenhagen nayo, theluji ikianguka, njia kubwa za baiskeli ni miongoni mwa zinazosafishwa mwanzo. Kwa hiyo kosa tulitafute kwingine.

BARIDI INAIFANYA NINI BETRI

Betri za baiskeli hizi ni za lithiamu, namna iliyoanza kuuzwa mwaka 1991. Wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi waliyoifanya hata ikapatikana.

Mfano wa betri hii ni ghala mbili za karafuu zilizotazamana, na wachukuzi katikati. Betri inapotumika, wachukuzi hutoa magunia katika ghala ya kwanza na kuyapeleka ya pili. Inapochajiwa, huyarudisha yalikotoka. Siku ya joto njia ni kavu na wachukuzi ni wepesi. Siku ya baridi njia huwa kama tope, wachukuzi hujikokota, na magunia hayafiki kwa wakati. Umeme haukupotea, lakini hautoki upesi kama unavyotakiwa. Ndiyo maana betri iliyoonekana imekwisha kule nje, ikiingizwa ndani ikapata joto, hurudisha sehemu ya nguvu zake.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kuichaji betri ilhali imepoa chini ya kiwango cha maji kuganda, yaani chini ya nyuzi 0 za sentigredi. Hapo magunia yanasukumwa kwa nguvu kurudi ghalani, na mlango wa ghala ni mzito kufunguka. Hayapati kuingia, yanarundikana nje. Lithiamu, badala ya kuingia mahali pake, hujipaka juu kama madini, na nyingi katika hiyo haitumiki tena. Ikizidi, huweza kuota mfano wa miiba, ikatoboa utando uliotenga pande mbili za betri, na moto ukatokea.

Tulimpigia simu kijana wa mzee tukamwuliza alikuwa akichaji vipi. Alisema kwamba alikuwa akirudi kazini usiku, huifunga baiskeli uani, na kuichaji pale pale nje mpaka asubuhi. Twaamini hapo ndipo betri ilipopatia ugonjwa wake. Betri iliyotengenezwa vyema huwa na kifaa ndani yake kinachokataa chaji ikiwa imepoa mno. Katika zile rahisi mno, nyingine hazina kifaa hicho, na kijana hakuambiwa na mtu.

MAMBO YA KUTAZAMA WAKATI WA KUNUNUA

1. Alama na karatasi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme iwe na alama ya CE, na karatasi zake zitaje kipimo kiitwacho EN 15194. Betri na chaja ziwe ni za baiskeli ile ile, si za kuokotezwa. Betri mbovu zimeunguza nyumba na kuua watu katika miji mikubwa, hata mji wa New York ulitunga sheria mwaka 2023 ya kukataza kuuzwa baiskeli za umeme ambazo hazikupimwa kwa usalama. Betri ya mkono wa pili isiyojulikana asili yake isinunuliwe kabisa, hata ikiwa bei yake ni ya kupendeza.

2. Ukubwa wa betri. Betri hupimwa kwa wati-saa. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha volti kwa ampea-saa, namba zilizoandikwa ubavuni mwa betri. Volti 36 mara ampea-saa 14 ni wati-saa 504. Kwa kukisia, kilomita moja hula wati-saa 10, kwa hiyo betri hiyo yaweza kwenda kilomita 50 katika siku njema. Wakati wa baridi kali tuondoe robo, au hata thuluthi. Zitabaki kama 35. Kijana ambaye kazi yake iko kilomita 12, kwenda na kurudi ni 24, itamtosha na kubaki. Lakini anayepeleka vyakula majumbani kutwa nzima haitamtosha, naye afikiri betri mbili. Muuzaji akitaja masafa, akumbuke kuwa masafa hayo yalipimwa siku njema.

3. Mota na kifaa cha kuhisi. Mota huwekwa kati, penye pedeli, au katika kitovu cha gurudumu. Ile ya gurudumu la mbele haifai sana penye barafu, kwa sababu gurudumu likizunguka ovyo, usukani hauna la kufanya. Ya kati, au ya gurudumu la nyuma, ni afadhali. Tena kuna vifaa vya kuhisi vya namna mbili. Kimoja hujua tu kwamba pedeli zinazunguka, kikawasha mota kwa ghafla. Cha pili hupima mguu umekanyaga kwa nguvu gani, kikatoa msaada kwa kiasi hicho. Juu ya barafu mtu asisukumwe kwa ghafla. Basi cha pili ndicho cha kununuliwa, ijapokuwa bei yake ni kubwa zaidi.

4. Matairi na breki. Yako matairi ya misumari, yaani yaliyopachikwa vipande vidogo vya madini magumu vinavyouma barafu. Hayo ndiyo yanayomzuia mtu asianguke. Akiwa hana uwezo wa kununua mawili, basi la mbele liwe la misumari, maana gurudumu la mbele likiteleza ni shida kumudu. Breki za diski ni bora kuliko zile zinazobana ringi, kwa kuwa ringi hulowa na kujaa theluji. Breki za waya, maji yakiingia ndani ya mpira wa waya, huganda zikakataa kuvuta.

5. Mnyororo, madigadi na taa. Huko hunyunyiza chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Sisi watu wa kisiwani hatuna haja ya kuambiwa chumvi inaufanya nini mnyororo. Ziko baiskeli zenye ukanda wa mpira badala ya mnyororo, na gia zake zimefichwa ndani ya kitovu. Hizo huvumilia chumvi zaidi, lakini ni ghali. Madigadi yawe marefu. Taa ziwe mbili, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, zinazopata umeme wa betri ile kubwa. Katika mwezi wa Disemba, jua la Copenhagen huchwa kabla ya saa kumi ya alasiri. Anayetoka kazini saa kumi na moja ameshapitwa na Magharibi, na njia ni giza.

6. Duka na fundi. Inunuliwe mahali penye fundi, na muulizeni muuzaji kwa dhati: baada ya miaka mitatu betri ya namna hii itapatikana? Betri ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote. Baiskeli njema mpya huko huanzia kiasi cha euro 1,500, na za euro 3,000 si chache. Ukisikia bei iliyo chini mno ya hapo, jua kwamba kilichopunguzwa huenda kikawa ni betri. Kufuli imara nayo ihesabiwe katika bei, kwani wezi wa baiskeli wako kila nchi.

KUITUNZA BETRI

Sisi tunajua kuanua. Wingu likitanda, mwenye karafuu jamvini hangoji tone la kwanza. Huita nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, wakakusanya. Betri wakati wa baridi ni vivyo hivyo: ni kitu cha kuanuliwa. Kijana akifika nyumbani, aichopoe baiskelini aingie nayo ndani. Baiskeli yenyewe, ambayo uzito wake huwa kilo 20 hadi 27, yaweza kubaki uani.

Akishaiingiza, asiichaji papo hapo. Aiache saa moja au mbili ipate joto la chumba, aipanguse maji, ndipo aichaji. Asubuhi airudishe baiskelini wakati anapotoka, si kabla, ili ianze safari ikiwa na joto. Ikishaanza kufanya kazi, kazi yenyewe huizuia isipoe upesi. Yako pia makoti ya mpira laini ya kuivisha.

Asichaji wakati amelala, wala asichaji mlangoni au ukumbini penye njia ya kutokea, maana moto ukizuka hapo watu hawana pa kupita. Isiwekwe juu ya kitanda wala karibu na mapazia. Betri iliyovimba, iliyopasuka, inayonuka au inayopata moto usio wa kawaida isitumiwe tena. Ipelekwe kwa wanaopokea betri mbovu. Ikianza kutoa moshi, watu watoke, wafunge mlango nyuma yao, na wapige simu 112, ambayo ni namba ya dharura katika nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pia. Wasirudi ndani kuokoa vitu.

Ikiwa haitumiki kwa wiki nyingi, isiachwe imejaa wala tupu; kiasi cha nusu ndicho kinachofaa, na mahali pakavu pasipoganda.

KUPANDA JUU YA THELUJI NA BARAFU

Theluji mpya haina hatari kubwa, kwa kuwa inaonekana. Adui ni barafu nyembamba, isiyo na rangi, inayolala juu ya lami ikaonekana kama maji tu. Hupatikana zaidi alfajiri, juu ya madaraja, vivulini, na juu ya vifuniko vya chuma na mistari ya rangi barabarani. Anayefika mahali hapo asifunge breki, asikate kona, asikanyage kwa nguvu. Aache baiskeli ipite wima, na mguu mmoja uwe tayari kushuka.

Mwendo upunguzwe. Mwendo ukiwa maradufu, masafa ya kusimama huwa mara nne. Hii ni kanuni hata juu ya lami kavu, na juu ya barafu masafa yenyewe yameshakuwa marefu. Breki zianzwe mapema, kwa upole, na ya nyuma itangulie. Msaada wa mota uwekwe ule wa chini kabisa. Matairi yapunguzwe pumzi kidogo, lakini yasiteremshwe chini ya kiasi kilichoandikwa ubavuni mwake, ili yashike njia kwa upana.

Kuhusu mavazi, kuna jambo ambalo hatukulitazamia. Mpandaji wa baiskeli ya kawaida hutoka jasho akapata joto, bali huyu wa umeme anasaidiwa, kwa hiyo mwili wake hutengeneza joto kidogo zaidi, na upepo unampiga vile vile. Hewa ikiwa nyuzi 0, upepo wa kilomita 25 kwa saa huufanya mwili uhisi kama ni nyuzi 6 chini ya sifuri. Avae nguo kadhaa nyepesi moja juu ya nyingine, ya ndani iwe ya sufi wala si ya pamba, kwa sababu pamba hushika jasho likapoa mwilini. Glovu ziwe nzito kiasi cha kuhifadhi vidole, lakini vidole vipate kuvuta breki. Kofia ngumu isikosekane.

Akirudi, aoshe chumvi kwa maji kidogo bila ya kuyapiga kwa nguvu penye mota, akaushe mnyororo, autie mafuta. Dakika 10 kila wiki zinatosha.

NENO KWA WANAOTAKA KULETEWA

Wanachama wawili wametuuliza kama vijana wao wanaweza kuja likizo na baiskeli hizo kwa ndege. Baiskeli yenyewe huenda ikakubaliwa, lakini betri hapana. Betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi katika ndege za abiria, si mkononi wala katika mizigo, na betri za baiskeli karibu zote zinapita hapo. Asije mtu akaifunga ndani ya sanduku la nguo kwa siri. Anahatarisha ndege nzima na watu waliomo.

JIBU LETU KWA MZEE

Jibu la Halmashauri ni hili: msaidie, lakini kwa mpango. Kabla ya fedha kwenda, kijana alete picha ya karatasi za baiskeli anayoitaka, tuone alama, wati, na ukubwa wa betri. Alete jina la duka, na neno la fundi. Aahidi kwamba betri italala ndani, na haitachajiwa ikiwa baridi. Fedha zikiwa hazitoshi kwa baiskeli njema, basi mwaka huu apande basi la abiria angoje mavuno yajayo. Kungoja mwaka mmoja ni bora kuliko kununua mara mbili.

Mzee tulimsomea maneno haya kabla ya kuyachapisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kumbe kosa si la baridi. Hata mvua haijaniharibia karafuu zangu siku niliyowahi kuanua." Akaichukua simu yake pale pale ofisini akampigia mwanawe, na neno la kwanza alilomwambia, kabla ya habari za fedha, lilikuwa aingize betri ndani.

Mwanachama mwenye suala jingine la namna hii alilete ofisini siku za kazi, au amkabidhi mjumbe wa tawi lake.

Wenu katika kazi,
Katibu, kwa niaba ya Halmashauri